Mtoto Akisema "Nimechoka": Mwongozo Kamili wa Masomo ya Mtandaoni kwa Watoto wa Shule ya Msingi

Kwa robo saa nzima nilimfundisha pangaboi. Ilikuwa mwaka 2020, shule zimefungwa, nami nimekaa nyumbani Kisauni, Mombasa, mbele ya kompyuta ya kuazima nikiwaeleza gredi ya nne sehemu: nusu, robo, thumuni. Kijana mmoja alikuwa ameielekeza kamera ya simu darini. Pangaboi likazunguka, nami nikaendelea kumwaga elimu. Nilipomwita, sauti ikaja kwa mbali: "Mwalimu, nimechoka."

Nikamjibu walivyojibu walimu wengi siku zile: "Sote tumechoka, kaa vizuri." Jibu baya. Sikumwuliza amechoka nini.

Gredi ya nne walirudi darasani tarehe 12 Oktoba mwaka ule, wengine wakangoja hadi 4 Januari 2021, na majirani zetu wa Uganda wakasubiri mpaka Januari 2022. Lakini masomo ya mtandaoni hayakwenda na korona. Mafuriko ya 2024 yalipochelewesha muhula wa pili, kundi letu la WhatsApp lilifufuka usiku mmoja. Na jioni za siku hizi nafundisha Kiswahili watoto wa jamaa zetu waishio Uingereza na Ghuba, ambao wameshakaa shuleni kutwa kabla ya kuniona mimi. Haya hapa chini ni niliyoyapata katika kazi hiyo. Mzazi atachukua yake, mwalimu achukue yake.

Hatua ya 1: Jua amechoka nini

Neno letu "nimechoka" ni kikapu kikubwa. Mtoto wa miaka minane hutia humo mambo matatu yasiyofanana, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni mwili: macho, shingo, usingizi, njaa. La pili, amekinai. Somo halimvuti, sauti ni ile ile, picha ni ile ile, naye hana la kufanya ila kutazama. La tatu ndilo linalojificha zaidi: haelewi. Mtoto hawezi kusema "sielewi" mbele ya wenzake thelathini, tena mama yuko jikoni anasikia. "Nimechoka" haina aibu, basi husema hiyo.

Ili kuzitenganisha, chukua daftari la kawaida na uandike kwa wiki moja, mistari miwili kwa siku. Andika saa, somo, dakika aliyoanza kulegea, na alichofanya mara tu simu ilipozimwa. Hili la mwisho ndilo lenye siri. Akizima na kukimbilia mpira nje kama mshale, mwili haukuchoka, alikinai. Akizima akajinyoosha kwenye mkeka huku akipikicha macho, ni mwili. Na akiwa mchangamfu katika masomo yote ila hesabu, tena hesabu ya kugawanya peke yake, usihangaike na kiti wala mwanga. Amekwama mahali, anahitaji mtu wa kumkwamua.

Jihadhari na jambo moja. Kukinai hakuji kwa ugumu tu. Reinhard Pekrun, mwanasaikolojia aliyechunguza hisia za wanafunzi kwa miaka mingi, anaeleza kwamba mtoto hukinai asipoona faida ya anachofanya, na vilevile kazi ikiwa nzito mno au nyepesi mno kwake. Yule anayemaliza mazoezi dakika ya tatu na kukaa kumi na tano akingoja wengine, naye ataielekeza simu darini.

Na yule wangu wa pangaboi? Alikuwa wa kundi la tatu, nami nilidhani ni mvivu. Simu ilikuwa ya mamake, mwuza nguo, na wateja walipiga mchana kutwa. Kila simu ikilia, mtoto anatolewa darasani. Akirudi, sisi tumetoka kwenye nusu tuko kwenye thumuni. Mara ya tatu aliacha kufuatilia.

Hatua ya 2: Anza na mwili

Hata kama unashuku kwamba shida ni somo, anza hapa, kwa sababu ni rahisi na hakuna gharama.

Usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku. Hesabu kwa uaminifu. Akilala saa nne za usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri, amepata saba. Hakuna mbinu ya ufundishaji itakayofidia mbili zilizobaki.

Ratiba ya siku. Huku kwetu Pwani watoto wengi hutoka shule wakaenda chuoni, yaani madrasa, na baada ya chuo ndipo tuisheni ya mtandaoni. Kwa mzazi hayo ni mambo matatu tofauti. Kwa mtoto ni kukaa na kusikiliza tangu asubuhi. Weka angalau saa moja ya mchezo wa mwili katikati. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wapate wastani wa dakika 60 za kutoa jasho kila siku, na muda huo haupotei bure, maana kukaa nje kwenye mwanga wa mchana kunasaidia pia kuwakinga watoto na tatizo la kutoona mbali.

Mimi mwenyewe nilichukua miaka miwili kugundua hili la saa. Wanafunzi wangu wa Uingereza walikuwa wakichangamka kuanzia Aprili, kisha ikifika Novemba wanalegea wote. Nikailaumu baridi. Kumbe kila mwisho wa Oktoba wao hurudisha saa nyuma, sisi haturudishi. Kipindi changu cha saa moja jioni ya Mombasa, kilichokuwa kinawakuta saa kumi na moja wameshakula na kucheza, kikawa kinawakuta saa kumi, sare za shule bado mwilini. Nikakisogeza mbele kwa saa moja, wakafufuka. Ukifundisha watoto wa ng'ambo, tia alama hiyo kwenye kalenda yako.

Macho. Mtu anapotazama kioo cha simu hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, ndipo yanakauka na kuwasha. Kanuni ya madaktari wa macho ni nyepesi: kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20. Usimwambie mtoto "mita sita", hana futi kamba. Mwonyeshe mwembe wa jirani. "Kengele ikilia, hesabu maembe mpaka ishirini." Msimu ukiisha, ahesabu kunguru.

Kiti. Miguu inayoning'inia huchosha mgongo. Weka kigoda au mkebe wa rangi chini ya nyayo. Simu isishikwe mkononi, maana shingo itainama kama ya korongo. Iegemeze juu ya vitabu, au ndani ya bakuli zito, ifike karibu na usawa wa macho. Asikae dirisha likiwa nyuma yake wala mwanga usipige kioo moja kwa moja, aweke dirisha ubavuni. Na glasi ya maji iwe karibu, lakini si karibu na kompyuta ya kuazima. Hilo nalijua kwa uchungu.

Hatua ya 3: Usihamishe ratiba ya darasani kama ilivyo

Hapa nasema na walimu wenzangu. Kipindi cha gredi ya kwanza hadi ya tatu katika mtaala wa Kenya ni dakika 30, na cha gredi ya nne hadi ya sita ni 35. Darasani dakika hizo zina mapumziko mengi yasiyoandikwa: mtoto huchonga penseli, humgeukia mwenzake, huenda kufuta ubao. Mtandaoni yote hayo yameondolewa, amebaki na macho na sauti yako. Ukimpa dakika 35 kamili za kutazama, umempa zaidi ya zile za darasani.

Mimi nina kanuni yangu: sizungumzi zaidi ya dakika 6 bila mtoto kufanya kitu kwa mkono au mdomo, na sipitishi vipindi viwili mfululizo bila dakika 15 za simu kuzimwa. Akaunti ya bure ya Zoom hukata mkutano wa kikundi ikifika dakika 40. Walimu wengi huilalamikia. Mimi naiona ni naibu mwalimu mkuu mwema.

Tazama jinsi kipindi kile kile cha sehemu ninavyokifundisha sasa. Siku moja kabla, natuma ujumbe kwa wazazi: mtoto awe na chapati moja, au karatasi ya duara ikiwa hakuna chapati, na kisu kisicho na makali.

Dakika 3 za kwanza ni salamu na kitendawili. Dakika 5, nakata chapati yangu mbele ya kamera: nusu, halafu robo, nikinyamaza zaidi kuliko ninavyosema. Dakika 8, wao wanakata zao. Sauti zote zimezimwa, nami natazama mikono tu. Hapa ndipo unapoona asiyeelewa. Ana vipande vinne visivyolingana na anaviita robo. Dakika 4, wasimame, waende mlangoni na kurudi na kitu chochote kilichogawanyika nusu. Nimeletewa sandali moja ya jozi, limau, na mara moja mdogo wake mwanafunzi mmoja, aliyefunikwa shuka kiunoni. Dakika 5 za mwisho ni maswali. Jumla 25. Zoezi wanafanya kwenye daftari, simu imezimwa, picha inatumwa jioni.

"Robo ya nne iko wapi?" nilimwuliza mmoja.

"Nimeila, mwalimu."

"Basi umebakiwa na sehemu gani?"

Akatafuna kwanza. "Robo tatu." Mtihani ule sikuuandika popote, lakini alifaulu.

Hatua ya 4: Mpe kazi mdomo wake

Mtoto anayejua hataitwa hulala macho wazi. Weka majina yao kwenye vijiti ndani ya mkebe, uutikise mbele ya kamera, uchomoe kimoja. Ule mlio peke yake huwaamsha. Kijiti kikishatolewa kirudi mkebeni, la sivyo aliyekwisha kujibu ataenda zake kimawazo.

Lakini chombo bora tulicho nacho kimekuwapo kabla ya umeme. "Kitendawili!" "Tega!" Hakuna mtoto wa huku asiyejua kuitika. "Nyumba yangu haina mlango." Wakishindwa, unawaomba mji: "Nipeni mji." Nami nimeufanya mji kuwa somo la pili. Anayenipa mji lazima auonyeshe kwenye ramani. Nimepewa Lamu, Kigoma, Muscat na Leicester, na kila mmoja tukautafuta kabla sijafunua kwamba nyumba ni yai. Mtandao ukichelewa, kuitika pamoja huwa kelele za ajabu. Basi waitike kwa kunyanyua mikono miwili na sauti zikiwa zimezimwa. Inachekesha, na inatosha.

Kwa yule anayemaliza mapema, usimwongezee maswali ya aina ile ile. Hiyo ni adhabu ya kujua. Mwambie atunge swali moja la kuwauliza wenzake, ama arekodi sauti akimweleza ndugu yake mdogo alichojifunza.

Hatua ya 5: Legeza amri ya kamera

Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza kwa nini mikutano ya video inachosha watu. Alitaja mambo manne: nyuso kubwa zilizo karibu zikikukodolea, kujiona mwenyewe muda wote kama uliyefuatwa na kioo, kutoweza kusogea, na kazi ya ziada ya kusoma ishara za watu ambazo ana kwa ana tunazipata bila kufikiri. Alikuwa akizungumzia mikutano kwa jumla, lakini mtoto wa gredi ya pili anapata yote manne, tena hana uwezo wa kusema "samahani, nina simu nyingine".

Kwa hiyo ficha picha yake mwenyewe asijione, programu nyingi zina kitufe hicho. Mruhusu asimame wakati wa kusikiliza. Fungueni kamera wakati wa salamu na wakati wa kuonyesha kazi, baki ya muda zifungwe kwa anayetaka.

Tena kuna jambo ambalo walimu hatulisemi. Kamera huingia nyumbani kwa watu. Kuna mtoto anayeielekeza darini kwa sababu sebule ndiyo chumba cha kulala na baba wa zamu ya usiku amelala pale nyuma. Usimlazimishe mbele ya wenzake. Mtumie mzazi ujumbe faraghani.

Hatua ya 6: Si lazima iwe video

Mwaka 2020 watoto wengi wa Kenya hawakuwa na Zoom wala bando. Masomo ya Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala, KICD, yalipita redioni kupitia KBC, na aliyekuwa na televisheni akatazama chaneli ya Edu. Tulikuwa tukiiona redio kuwa ya wanyonge. Nimebadili mawazo. Mtoto anayesikiliza redio anaweza kutembea, kuchambua mchele, kufunga macho.

Basi kwa wiki yenye masomo matano ya mtandaoni, geuza mawili yawe sauti: rekodi ya WhatsApp ya dakika 3 au 4, hadithi au maelekezo, na kazi ya karatasi. Bando la mzazi litapona na macho ya mtoto pia. Ukirekodi, sema taratibu, taja ukurasa mara mbili, na umalize kwa swali moja tu.

Hatua ya 7: Mzazi akae umbali wa mkono, asikae mdomoni

Nimesikia akina mama wakinong'ona "sema thelathini na sita!" mpaka darasa zima likasikia. Mama, nakuelewa. Lakini mtoto anayenong'onezewa hupoteza sababu ya kusikiliza, nami nabaki nampa alama mamake.

Kazi yako ni tatu. Kabla ya somo: ameshakula, ameshakwenda msalani, simu ina chaji, na wapigaji wamehamishiwa kwenye laini nyingine ikiwezekana. Kama hakuna simu ya pili, elewana na mwalimu mapema, kama alivyofanya hatimaye mamake yule kijana wangu. Kipindi chake kilihamia saa ya adhuhuri, mama akiwa kwenye sala na mapumziko, simu haipokelewi. Wakati wa somo: uwe karibu, ukifanya lako. Baada ya somo: usiulize "umejifunza nini?" kwani utajibiwa "kitu". Sema, "nionyeshe moja." Akionyesha, umepata jibu.

Usimwongezee masomo kwa kuwa alilegea. Na usimtuze kwa simu pia. Mtoto aliyetoka saa mbili za kioo akapewa katuni za saa moja hajapumzika, amebadilisha chaneli.

Ukiona mwenendo hauridhishi, mwandikie mwalimu kwa ufupi, na daftari lako likusaidie. Mfano:

"Assalaam aleikum mwalimu. Nimemfuatilia mwanangu wiki hii. Kiswahili na sayansi yuko vizuri hadi mwisho. Hesabu analegea dakika ya kumi, na kila mara ni pale penye kugawanya. Nadhani amekwama, si uvivu. Naomba dakika kumi za peke yake siku utakayoona inafaa."

Nikipata ujumbe wa namna hiyo, hizo dakika kumi huwa nazipata siku ile ile. Nikipata "mwalimu mtoto hataki kusoma mfanyie kitu", hukaa nikajiuliza kitu gani.

Hatua ya 8: Badilisha jambo moja kwa wiki

Ukibadilisha usingizi, kiti, saa na mwalimu siku moja, hutajua kilichosaidia. Wiki ya kwanza andika tu. Ya pili rekebisha usingizi na mchezo. Ya tatu kiti, mwanga na kamera. Ya nne zungumza na mwalimu kuhusu urefu wa vipindi. Endelea kuandika mistari miwili kila siku, na utazame ile dakika ya kulegea. Ikisogea kutoka ya kumi hadi ya ishirini, unaelekea pazuri.

Kuna dalili zisizongoja wiki nne. Maumivu ya kichwa yanayorudi kila baada ya somo, kukunja macho akitazama mbali, au kusogeza uso karibu kabisa na daftari, mpeleke apimwe macho. Na mtoto aliyechoka na kila kitu, si masomo tu bali hata mpira na wenzake, halali vizuri au halii wala hacheki kama zamani, huyo mpeleke kwa daktari, wala usimfungulie kompyuta siku hiyo.